Gari ya umeme inavyotembea na kwanini chaji inaisha kabla ya km ulizoambiwa (Leaf, njia ya Moshi–Arusha)

Mleta uzi:

Wakuu salaam. Huu uzi nimekaa nao kichwani miezi mitatu, leo nimepata nafasi nikasema niandike tu hata kama utakuwa mrefu, maana kila wiki naona mtu anauliza hivi Leaf za Japan zinatembea km ngapi, na majibu ni yale yale, mmoja atasema mia na themanini mwingine atasema haifiki hata tisini, halafu wanaanza kuitana waongo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli na gari ikawa ile ile moja. Ndo mada yangu hiyo.

Mi nakaa Moshi, kazi zangu nyingi ziko Arusha, napanda na kushuka mara mbili tatu kwa wiki. Gari ni Nissan Leaf ya 2014, betri ya uniti 24. Nasema uniti kwa makusudi kabisa. Ile kWh mnayoiona imeandikwa kwenye magari haya ndo uniti ya LUKU, ile ile, hakuna tofauti hata chembe. Kwahiyo kila mwenye mita nyumbani kipimo cha gari ya umeme anacho tayari, ni kukihamisha tu kutoka kwenye friji na pasi akipeleke barabarani.

Nianze na siku iliyonifundisha.

Ilikuwa masika. Jumapili nimeshuka kutoka Arusha na familia, mwendo wa taratibu, usiku nikachomeka chaji, asubuhi dashibodi inasoma km 148. Moshi Arusha ni kama km 80, nikaiacha hivo. Alfajiri ya siku inayofuata simu inaita, mama mdogo amezidiwa amelazwa Arusha. Nikapanda kwanza Kibosho kumchukua dada yangu na shemeji na mtoto wao mkubwa, tukashuka, tukashika lami kubwa mvua inanyesha, vioo vinapata ukungu nikawasha AC na hita pamoja ili nione mbele, na penye nafasi nilikuwa naenda 110 mpaka 120 maana kichwani nilikuwa nawaza hospitali tu. Tunapita Boma Ng'ombe namba imeshuka kuliko km tulizotembea, nikajiambia itatulia. Pale njia panda ya KIA haijatulia. Maji ya Chai gari ikaanza kunionya chaji ndogo, Usa River ile namba ya km ikapotea kabisa zikabaki alama za kistari tu, na kabla ya Tengeru kikawaka kile kitaa cha kobe na gari ikawa haina nguvu tena, unakanyaga inajivuta.

Nikaingia pembeni kwenye duka la mama mmoja. Dada na wenzake nikawapandisha daladala wawahi, mi nikabaki namweleza yule mama shida yangu. Akasikiliza, akafungua dirisha la chumba cha nyuma akapitisha waya. Nikamnunulia tokeni ya elfu tano palepale kwa simu, nikachaji saa mbili na nusu, nikamaliza safari kwa 40 kwa saa. Mama mdogo alipona, yupo, namshukuru Mungu. Ila yale masaa mawili na nusu kwenye kiti cha plastiki mvua inanyesha ndo nilianza kujiuliza, hii km 148 gari iliitoa wapi?

Sasa ili tuelewane inabidi tujue kwanza gari hii inatembeaje.

Chini ya viti kuna betri la lithiamu, kwenye Leaf hii lina seli 192, voti zake zinacheza kwenye 360 mpaka kama 400 ikijaa. Umeme wake ni wa moja kwa moja kama wa betri yoyote. Mbele ambako mmezoea kuona injini kuna mota, na mota inataka umeme wa kupishana wa fezi tatu. Katikati yao yupo inverta, huyu ndo anabadilisha, na huyu ndo dereva wa kweli wa gari. Mguu wako ukikanyaga pedali haufungui mafuta wala hewa, unaiambia inverta nipe nguvu kiasi hiki, nayo inatuma umeme kwenye mota kwa kasi ya mapigo inayotakiwa. Ndo maana hakuna giyaboksi ya kubadilisha giya, ipo seti moja tu ya meno inayopunguza mzunguko, mota inazunguka karibu mara 8 tairi inazunguka mara moja, basi. Rivasi nayo hakuna giya yake, inverta inageuza mpangilio wa fezi mota inazunguka kinyume. Na nguvu ya kusukuma ipo yote kuanzia gari ikiwa imesimama, haisubiri resi ipande, kwahiyo ukiondoka kwenye taa utawaacha watu hata kama gari ni ya familia.

Kizuri kingine, ukiachia mguu mota inageuka jenereta. Tairi zinaizungusha, inatoa umeme, umeme unarudi kwenye betri na gari inapungua mwendo. Kwenye Leaf kuanzia za 2013 kuna B kwenye giya, ukiweka hapo inarudisha kwa nguvu zaidi ukiachia. Pedi za breki zinakaa miaka.

Hapo watu wengi wanadanganyika. Wanasikia inarudisha chaji wanadhani mteremko unakupa bure kila ulichotumia mlimani. Haiko hivo, nitaifikia.

Kitu cha kuweka akilini kuliko vyote ni hiki. Lita moja ya petroli ina nguvu ya kama uniti 9. Betri langu la uniti 24, likiwa jipya kabisa kutoka kiwandani, lilibeba nguvu sawa na petroli isiyofika lita 3. Lita mbili na point saba! Fikiria umepewa gari, tenki lake lina lita mbili na nusu, unaambiwa nenda Arusha. Na inaenda. Inaenda kwa sababu mota na inverta vinapeleka kwenye tairi sehemu kubwa sana ya kile kilichotoka kwenye betri, zaidi ya asilimia 80, wakati injini ya petroli mjini inaweza kutupa robo tatu ya mafuta yake kama joto la rejeta na ekzosi. Kwahiyo gari ya umeme ina akiba ndogo lakini haipotezi. Na kwa sababu haipotezi, kila kitu unachokifanya barabarani kinaonekana. Kwenye gari ya mafuta upepo na mlima vipo vile vile ila vimefichwa ndani ya hasara kubwa ya injini, huvioni.

Sasa vinavyokula.

Mwendo. Hii ndo yenyewe. Gari inasukuma hewa, na nguvu ya hewa kukuzuia inapanda kwa mraba wa mwendo, ukiongeza mwendo mara mbili hewa inakuzuia mara nne. Nimepiga hesabu kwa gari ya umbo na uzito huu kwenye tambarare bila upepo, na nimelinganisha na ninachokiona kwenye dashibodi, inakuja hivi kwa kila km 100: ukienda 60 unakula kama uniti 9 na nusu, ukienda 80 uniti 12, ukienda 100 uniti 15 na nusu, ukienda 120 inakaribia 20. Betri langu sasa limechoka kidogo, zinazotumika ndani yake ni kama uniti 17. Gawanya mwenyewe. Kwa 60 napata km 180, kwa 120 napata km 87. Gari ile ile, betri lile lile, siku ile ile. Yule wa mia na themanini na yule wa tisini wameshapatana hapo.

Mlima. Huu hesabu yake haina siri, uzito mara urefu wa kupanda. Gari na watu wake kilo 1,600 ikipanda mita 1,000 inataka uniti 4.4 kwenye tairi, ukiweka na kinachopotea njiani sema 5, na hiyo ni juu ya matumizi ya kawaida ya kutembea. Moshi mjini ni mita mia nane na ushee juu ya bahari, Arusha ni karibu 1,400. Kwahiyo kila ninapokwenda Arusha nabeba tani moja na nusu na zaidi naipandisha mita mia tano na kitu, ukiwa kwenye gari huoni kabisa kama unapanda mlima kwa sababu umetandazwa kwenye km 80. Mwendo wa kawaida wa 70 mpaka 80, na vijijini 50 kwa alama za barabarani, kwenda nakula uniti 12 na nusu, kurudi 7 na nusu. Dashibodi inasoma km 6.4 kwa uniti kwenda, km 10.7 kwa uniti kurudi.

Na hapa kuna jambo lilinichukua muda kulielewa. Mteremko mpole kama huu wa Arusha kushuka Moshi ni bora kuliko mteremko mkali, kwa sababu gari haihitaji hata kurudisha chaji, uzito wake unasaidia kusukuma hewa na tairi na betri linatoa kidogo tu, hakuna kinachopotea. Ila mteremko mkali kama wa Kibosho kuja mjini inabidi mota ikamate, umeme upite inverta uingie kwenye betri, halafu baadae utoke tena upite kule kule, kila kituo kinakata chake. Ukipata asilimia 60 au 70 ya ulichopandia shukuru. Breki ya kawaida ingekurudishia sifuri, kwahiyo ni faida, ila sio bure.

Sasa ile km 148 nikaijua ilikotoka. Gari haijui unaenda wapi. Inaangalia ulivyotembea muda uliopita inapiga makadirio. Mi Jumapili nilikuwa nimeteremka, tena taratibu, ikaamini mi ndo naendeshaga hivo. Ikanipa namba ya kuteremka nami nikaenda kupandia. Toka siku hiyo ile namba siiangalii. Naangalia asilimia ya betri na km kwa uniti, nazidisha kichwani.

Vingine kwa haraka: upepo wa tairi Leaf inataka 36, ukienda gereji nyingi wanakujazia 30 bila kuuliza, waambie. Keria juu ya bodi toa kama hubebi kitu, inakamata hewa. Lami yenye maji inaongeza ugumu kwa sababu tairi inafanya kazi ya kusukuma maji, barabara ya vumbi na kokoto ndo zaidi. Watu wanne hawaumizi kwenye tambarare kama watu wanavyodhani, wanaumiza kwenye kupanda. Upepo wa mbele ukiwa 20 kwa saa na we unaenda 80, hewa inakuona kama unaenda 100.

Ulizeni, nipo.

---

Mdau wa 2:

Mkuu asante kwa elimu. Swali, mi nina Prado ya dizeli, safari ndefu ndo inakula vizuri, mjini kwenye foleni ndo inanimaliza. We unasema yako mwendo wa safari ndo unaimaliza chaji. Mbona kinyume?

Mleta uzi:

Ni kinyume kweli kaka. Injini yako ikiwa imesimama kwenye taa bado inakunywa, na ikifanya kazi ndogo inafanya vibaya, ile ya kuondoka na kusimama inachoma dizeli nyingi kwa kazi kidogo, na kila ukikanyaga breki ile nguvu inaishia kwenye disiki kuwa joto. Safari ndefu injini inakaa kwenye resi inayoipenda, hasara inapungua kuliko hewa inavyoongezeka, kwahiyo unaona nafuu. Mota haina ugonjwa huo. Kwenye foleni imesimama haili, ukisimama inarudisha kidogo, na mwendo ni mdogo hewa haipo. Kinachobaki kuiumiza ni hewa ya mwendo mkubwa tu. Kwahiyo mjini kwako wewe ni adui, kwangu ni rafiki.

Mdau wa 3 (Dar):

Sio kila mjini mkuu. Mi natoka Kimara kwenda Posta na hii joto la Dar, AC lazima, foleni saa moja na nusu mpaka mbili. Nina Leaf kama yako na napata km 5 tu kwa uniti wakati mwendo wenyewe wa konokono. Rafiki yangu anakwenda Bagamoyo na AC anapata zaidi yangu. Nini kinakula?

Mleta uzi:

Umenikumbusha kitu nilitakiwa niandike juu kabisa. AC haihesabu km, inahesabu saa. Gari ikishapoa ndani kompresa inakula sema kilowati 1, yaani uniti moja kila saa, ukianza na gari iliyokaa juani inakula zaidi kwa dakika za mwanzo. Sasa we ukitembea km 20 kwa saa, km 100 zako ni masaa matano, AC peke yake imekula uniti 5. Rafiki yako wa Bagamoyo akienda 80, km 100 ni saa moja na robo, AC imekula uniti moja na robo. AC ni ile ile, muda ndo umebadilika. Ongeza na redio, feni, taa na kompyuta za gari ambazo nazo ni za saa.

Cha kufanya sio kuzima AC ukateseka, afya nayo ni mali. Paki kivulini, fungua milango dakika moja joto litoke kabla hujawasha, na kama gari iko kwenye chaji nyumbani ipoze ikiwa bado imechomekwa, pale inatumia umeme wa ukutani sio wa betri. Na AC ikishapoza usiiache kwenye baridi ya mwisho.

Mdau wa 4 (Nairobi):

Habari ndugu zangu wa Tanzania, niko Limuru naendesha Leaf ya uniti 30. Kila asubuhi nikitoka nyumbani na betri imejaa nateremka kuenda town, na gari haitaki kukamata kabisa, naweka B na inateleza tu kama iko neutro, lazima nikanyage breki. Jioni nikipanda nikirudi, kwa vile vimteremko vidogo inakamata poa sana. Fundi mmoja ameniambia mota ina shida. Niamini?

Mleta uzi:

Karibu sana boss. Usitoe hela ya mota kabla hujajaribu hili: kesho usijaze, acha asilimia 85 au 80, uteremke uone.

Betri likijaa halina pa kuweka umeme. Kompyuta ya gari inakataa kupokea ili seli zisizidishwe voti, kwahiyo inaiambia mota isikamate, gari inateleza, breki za kawaida ndo zinafanya kazi. Ukifika chini limeshaachia nafasi linaanza kupokea. We unakaa Limuru, huko juu mita 2,200 hivi, Nairobi ni kama 1,700 mpaka 1,800, yaani unajaza tenki halafu unakwenda kwenye mteremko unaotaka kukuongezea mafuta, yatamwagika. Mtu anayekaa mlimani na kufanya kazi chini hana sababu ya kuchaji mpaka 100 kila usiku. Utapata umeme wa bure wa mteremko na betri lako litaishi zaidi, maana lithiamu haipendi kukaa imejaa masaa mengi hasa kwenye joto.

Mdau wa 4 (Nairobi):

Nimejaribu leo na 82. Imekamata toka getini. Nimefika town na 80. Asante sana, ningelipa hiyo pesa bure.

Mdau wa 5:

Wakuu mi nataka kununua ya kutoka Japan, tangazo limeandikwa inatembea km 228 kwa chaji moja. Kwa huu uzi naanza kuogopa. Niangalie nini?

Mleta uzi:

Hiyo 228 haijatungwa na muuzaji, ni ya kipimo cha Japan kinaitwa JC08, gari ikiwa mpya, kwenye maabara, mwendo mdogo wa mjini na hakuna mlima. Gari hiyo hiyo ya uniti 24 ya 2014 Wamarekani kwa kipimo chao cha EPA waliiandikia maili 84, ambayo ni km 135. Ona tofauti hiyo na wote wamepima kihalali. Ya uniti 30 EPA waliipa km 172, ya uniti 40 iliyoanza mwisho wa 2017 waliipa 243. Ukiwa unapanga maisha yako shika za EPA, halafu punguza kwa umri wa betri.

Umri wa betri ndo roho ya biashara hii. Upande wa kulia wa dashibodi kuna vimstari vidogo vya pembeni, vikiwa vipya ni 12, hivyo havihusiani na chaji ya leo, ni uzima wa betri. Kimoja kinaanguka ukishapoteza kama asilimia 15, vinavyofuata vinaanguka kila asilimia 6 na kidogo. Langu lina 11. Lakini usiishie kwenye vimstari, kuna watu wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri vinarudi 12, halafu baada ya wiki kadhaa vinaanguka tena ukiwa umeshalipa. Nunua kidude cha OBD cha blututhi (kinachomekwa kwenye soketi ya gari ya kusomea kompyuta), weka app ya LeafSpy kwenye simu, soma SOH, yaani asilimia ya uzima wa betri, na uangalie tofauti ya voti kati ya seli moja na nyingine ukiwa unakanyaga mlimani. Seli moja ikizama peke yake wakati wenzake wamekaa sawa, hilo betri lina mgonjwa, na gari itakukatikia chaji mapema hata kama asilimia inaonekana ipo. Na kama huwezi kusoma hivo, omba uiendeshe km 30 kwa mwendo wa 70 uhesabu asilimia ngapi zimeondoka. Kwa betri la uniti 24 lenye afya kama langu usitegemee zaidi ya 20 hivi kwenye tambarare.

Leaf hizi betri lake halina maji ya kulipoza, linapozwa na hewa inayopita tu, kwahiyo gari iliyoishi sehemu ya joto kali huwa imechoka zaidi ya iliyoishi kwenye baridi, umri ukiwa sawa.

Halafu betri dogo la voti 12 lipo kama gari yoyote. Hilo ndo linaamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa za betri kuu. Likifa gari haiwaki hata kama betri kuu limejaa, watu wameshavuta magari mazima kwa ajili ya hicho kibetri. Na mkivuta, tairi za mbele zinyanyuliwe au ipande juu ya lori, usiburuze ikiwa tairi za mbele zinazunguka chini, mota itakuwa inazalisha umeme bila mpangilio.

Mdau wa 6 (Oslo):

Niko Norway huku, wengi tunaendesha umeme. Niongezee baridi: ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri mi napoteza kama robo ya safari, wakati mwingine zaidi kama safari ni fupi fupi. Hita ndo inakula, na betri lenyewe linakuwa zito kutoa na kupokea, hata kuchaji linakuwa la polepole.

Mleta uzi:

Asante ndugu. Wengine wajue gari ya mafuta inapasha abiria kwa joto ambalo lilikuwa linatupwa, gari ya umeme haina joto la kutupa, inabidi ilitengeneze. Hita ya zamani ya waya inaweza kula kilowati 3 mpaka 5 ikianza. Sisi wa Kibosho na Machame asubuhi ya Julai tunaonja kidogo, usukani na kiti chenye joto vinatosha na vinakula kidogo sana kuliko kupasha chumba kizima.

Mdau wa 7:

Kuchaji nyumbani je, soketi ya kawaida inatosha? Na gharama?

Mleta uzi:

Inatosha ila iheshimu. Waya niliotumia kwa yule mama wa Tengeru ulikuwa ekstensheni nyembamba, nilipoushika ulikuwa wa moto nikapunguza muda, ningekaa usiku kucha sijui ingekuwaje. Pasi inakula umeme mwingi lakini ni dakika chache, gari inavuta ampea 10 masaa manane mfululizo bila kupumzika, kiungo chochote kilicholegea kitayeyuka. Mwite fundi umeme akuvutie waya wa milimita 2.5 au zaidi kutoka kwenye mein swichi peke yake, breka yake peke yake, na eathi ya kweli iliyopimwa. Kwa ampea 10 unapata kama uniti 2.3 kwa saa kutoka ukutani, na kwenye betri inafika pungufu, asilimia 10 mpaka 15 inaishia kwenye joto la chaja.

Gharama, mi nalipa mia tatu na hamsini na kitu kwa uniti. Km 100 za mchanganyiko wa kupanda na kushuka ni uniti 12 na nusu kwenye betri, sema 14 mpaka 15 za mita, shilingi elfu tano na kitu. We chukua lita 7 au 8 za petroli kwa bei ya leo ya kituoni kwako ulinganishe. Ila kama ulikuwa kwenye ile tarifu ndogo ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, gari itakutoa huko, hata uniti za jiko na taa zitapanda bei. Weka kwenye hesabu.

Mdau wa 3 (Dar):

Mkuu nimepaki kivulini wiki nzima na nimeanza kupoza gari kwenye chaji kabla ya kutoka. Km 5.8 kwa uniti sasa. Na yule mama wa duka ulirudi?

Mleta uzi:

Nilirudi, tena mara nyingi. Sasa hivi pale kwake nimemlipia fundi akaweka soketi nzuri ya nje na waya mnene, nikipita nanunua soda naangalia kama kuna mtu mwingine amechaji. Wiki iliyopita alinipigia simu kuna kijana na gari kama yangu amefika na kobe, anaenda Arusha mara ya kwanza. Nikaongea naye, dashibodi ilimwambia km 140 asubuhi, alikuwa ametoka kuteremka Marangu.

Jumamosi hii nimepanda tena, nimeondoka na 100, mvua kidogo, watu wawili, 70 mpaka 75 njia nzima. Tengeru nimepita na 42, Arusha nimefika na 31. Nimechomeka kwa mdogo wangu Njiro nikaenda kumsalimia mama mdogo.